FIFA 14: jina moja, michezo mbalimbali

Kuna ugomvi unaorudi kila mara pale watoto wanapocheza Play. Kijana anayetoka Lubumbashi anashika maneti ya PlayStation 2 hapa Kasomeno, halafu anasema: hii si FIFA 14. Mwenye mashine anaitwa mwizi. Basi tuangalie historia.

PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa tatu 2000. (Mwaka huohuo bei ya koltani yetu ilipanda ghafla, lakini hiyo ni habari nyingine.) Ziliuzwa zaidi ya milioni 150, na mwanzoni mwa 2013 kiwanda kikaacha kuzitengeneza. Hata hivyo, Septemba 2013 wakaitolea FIFA 14, ya mwisho kwa mashine hiyo. Ndani yake uchezaji ni uleule wa zamani. Walibadilisha majina ya wachezaji na jezi, basi. Ya PlayStation 4, iliyofika Novemba, ilijengwa upya: mchezaji anageuka kwa uzito, mashabiki wanainuka. Ya PlayStation 3 iko katikati, nayo baadaye ilitendewa vilevile hadi FIFA 19.

Kwa hiyo kijana hadanganyi, na mwenye mashine si mwizi. Mimi naona walioiuza kwa jina lilelile ndio wa kuulizwa.

Mama anayetaka kumnunulia mtoto diski aulize kwanza ni ya mashine gani. Ya PS4 haisomeki kwenye PS2, na makuta hayarudi.