Kabla ya Kuivua Miwani

Juma hili nazungumzia macho. Matangazo yanatuahidi kwamba leza itatuondolea miwani kwa dakika chache tu. Ahadi ya namna hii si ngeni, na waliotutangulia waliilipia.

Mtu asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake ni refu kupita kiasi, au konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, imebinuka mno. Katika miaka ya 1940 na 1950 daktari Mjapani, Tsutomu Sato, alijaribu kuipunguza mbinuko huo kwa kuichanja konea, upande wa mbele na hata upande wa ndani. Wagonjwa wakafurahi. Kumbe upande wa ndani una chembe zinazoondoa maji kwenye konea, na zikifa hazioti tena. Wakati ule jambo hilo halikueleweka. Miaka ikapita, konea za wengi zikavimba na kuingia ukungu. Waliokimbia miwani wakapoteza nuru.

Mjini Moscow, kuanzia miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov akachanja upande wa mbele peke yake. Matokeo yalikuwa afadhali. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba baada ya miaka 10, asilimia 43 ya macho yaliyochanjwa yalikuwa yameelekea upande wa pili, wa kutoona karibu, kwa dayopta 1 au zaidi. Kisu kikaipisha leza, ambayo Stephen Trokel na wenzake waliipendekeza mwaka 1983.

Leza ni sahihi zaidi, lakini nyama inayochongwa ni ileile. Mwenye konea nyembamba au iliyochongoka, kijana ambaye hajafika miaka 18, mtu ambaye miwani yake hubadilika kila mwaka, mjamzito, na mwenye macho makavu mno, hao huambiwa wasubiri au waache kabisa.

Je, sisi tuliovuka miaka 40, tunaolisogeza gazeti mbali ndipo lisomeke? Tatizo letu ni lenzi ya ndani iliyokakamaa, na kuichonga konea hakuilainishi. Mimi nasoma taarifa ya habari kwa miwani, wala sioni haya.

Basi ukifika kwa daktari, usianze na bei. Uliza kama konea yako imepimwa unene na umbo. Akikujibu kwamba jicho lako halifai, mshukuru. Wagonjwa wa Sato hawakupata mtu wa kuwaambia hivyo.