Gemu za futiboli ya Kimarekani: nani anaamua kipi kiwe cha kweli?

Ukipita kwenye kibanda cha gemu siku ya mapumziko utawakuta vijana wakibishana kwamba mchezaji fulani hana mbio kiasi kile. Marekani nako wanabishana vivyo hivyo, ila wao hubishania futiboli yao, ile ya mpira wenye umbo la yai. Wasikilizaji wetu wanaopenda gemu, leo tunawaeleza jinsi watengenezaji wa huko wanavyoamua kipi kifanane na uwanja halisi na kipi kiachwe.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu, inapewa mengine manne; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye hupokea mpira na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao.

Gemu maarufu kuliko zote za mchezo huo ni Madden NFL. Imepewa jina la John Madden, kocha aliyeipa Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl Januari 1977, kisha akawa mtangazaji wa televisheni. Mwaka 1984 alifuatwa na Trip Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya Electronic Arts, aliyetaka jina lake na ujuzi wake. Madden aliogopa kupanda ndege, kwa hiyo mazungumzo yakafanyika ndani ya treni. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, na wazo la kampuni lilikuwa kuweka wachezaji sita au saba kila upande. Madden akakataa katakata. Kwake yeye, bila watu 11 hiyo haikuwa futiboli, na jina lake lisingewekwa hapo. Kampuni ikakubali kuumia: kazi ilichukua miaka, na gemu ikatoka 1988 kwa kompyuta ya Apple II.

Huo ndio uamuzi tunaoupenda zaidi katika historia yote hii, maana aliyesimama kidete ni mtu wa uwanjani, si fundi wa kompyuta.

Lakini si kila ukweli unapendwa. Mechi halisi ina dakika 60 za kucheza, na pamoja na kusimama kwake huchukua kama saa tatu. Gemu hufupisha muda huo, na sidhani kuna aliyelalamika sana. Toleo la Madden NFL 06, lililotoka 2005, lilijaribu jambo gumu zaidi. Kwotabeki aliwekewa mwanga kama wa tochi kuonyesha anakotazama. Hodari kama Peyton Manning alikuwa na mwanga mpana, mchanga alikuwa na mwembamba. Ukirusha mpira nje ya mwanga huo, unapotea. Ni kweli kabisa kwamba mtu hawezi kuona uwanja mzima kwa wakati mmoja. Hata hivyo wachezaji wengi wa gemu waliona ni mzigo, na baadaye mwanga ukaondolewa.

Kinyume chake ni Michael Vick wa Atlanta Falcons katika Madden NFL 2004. Alipewa mbio na nguvu za mkono kiasi kwamba marafiki walipigana marufuku kumchagua. Hakuwa mwanadamu yule, lakini hadi leo anakumbukwa kwa furaha.

Fedha nazo zina sauti. Mwaka 2004 mshindani, ESPN NFL 2K5, aliingia sokoni kwa takriban dola 20, chini sana ya bei ya kawaida ya gemu mpya. Wengi waliisifu kwa uhalisia wake. Desemba mwaka huohuo Electronic Arts ikasaini mkataba na ligi ya NFL na chama cha wachezaji, ikawa peke yake yenye haki ya kutumia timu na majina halisi katika gemu za aina hiyo. Mfululizo ule wa mshindani ukaishia hapo. Mashabiki wengi bado wanasema muuzaji akibaki mmoja hana haraka ya kurekebisha makosa, na sisi tunaona wana hoja.

Jambo zito kuliko yote ni majeraha. Katika toleo la 1992 mchezaji akiumia, gari la wagonjwa liliingia uwanjani likiwagonga wachezaji wengine njiani. Watu walicheka. Miaka ilivyopita, wachezaji wastaafu wa kweli walianza kuishtaki ligi kwa madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara, na kicheko kikaisha. Katika Madden NFL 12, iliyotoka 2011, mchezaji anayepata mtikisiko wa ubongo hatolewi kwa dakika chache tu: harudi tena katika mechi hiyo, na watangazaji wa ndani ya gemu hueleza sababu, ili kijana anayecheza nyumbani aisikie.

Hata hivyo ukifungua sehemu ya mipangilio ya gemu hizo, utakuta kitufe cha kuzima majeraha yote.