Pombe, Mimba na Watoto Walioitwa Watukutu

Ukisikia leo kwamba pombe humdhuru mtoto aliye tumboni, utadhani madaktari wamelijua hilo siku zote. Wapi! Liligunduliwa, likasahauliwa, likagunduliwa tena.

Twende Liverpool, Uingereza, mwaka 1899. William Sullivan ni daktari wa gereza. Anachunguza habari za wanawake 120 walevi wa kupindukia, waliozaa jumla ya watoto 600. Zaidi ya nusu ya watoto hao walizaliwa wafu au walikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Utasema: hao si walikuwa maskini tu? Sullivan naye aliliwaza hilo. Akawatafuta ndugu zao wa kike wasio walevi, akakuta vifo vya watoto wao havifiki nusu ya kiwango kile. Tena aliona kuwa baadhi ya walevi walijifungua watoto wenye afya, nao ni wale waliofungwa mimba ikiwa bado changa. Kumbe jela iliwatenga na chupa!

Ushahidi huo ukazama. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, ikairuhusu tena 1933, na baada ya hapo aliyesema pombe inadhuru mimba alionekana mhubiri kuliko mwanasayansi. Hata miaka ya 1960 na 1970 wapo madaktari waliowatundikia wajawazito dripu ya pombe ili kuzuia uchungu wa mapema. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Mwaka 1968 Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Aliandika kwa Kifaransa, katika jarida la huko huko mkoani, nani angesoma? Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakachapisha yao katika The Lancet, hali ikapewa jina, na dunia ikasikia.

Ila jina lile liliegemea sana sura: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, kibonde cha kati ya pua na mdomo kilichosawazika. Sasa tazama shida ilipo. Alama hizo za usoni hutokana na pombe ya wiki za mwanzo tu, lakini ubongo hujengwa mimba nzima. Mtoto anaweza kuwa na sura ya kawaida kabisa na bado ubongo wake umeumia. Hafanani na picha ya kitabuni, basi shuleni anaitwa mtukutu, mvivu, mwongo.

Lemoine alirudi kuwatafuta watoto wale wakiwa watu wazima. Kilichowatesa zaidi kilikuwa akili na tabia, wala si sura. Huko Seattle, mwaka 1996, mwanasaikolojia Ann Streissguth alitoa ripoti ya watu 415: zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili. Waliotambuliwa mapema na kulelewa katika nyumba tulivu walikuwa na nafuu.

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013 ukaiwekea hali hii ya ubongo vigezo vyake, tena nyuma ya kitabu, pamoja na hali zinazosubiri utafiti zaidi. Tangu Sullivan ilikuwa imepita miaka 114.