Ukuta Uliokwisha Kujengwa

Msomaji wa Uriri, katika kaunti yako ya Migori liko boma la mawe la Thimlich Ohinga. Waliohamia humo baadaye walizitengeneza kuta walizozikuta. Busara hiyo yawafaa pia waandishi wa programu za kompyuta. Mwaka 1949 kompyuta EDSAC ilipoanza kazi Cambridge, Uingereza, kila hesabu iliyoandikwa upya iliweza kuzaa makosa mapya. Maurice Wilkes na wenzake wakaweka maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa. Lugha za programu za leo, kama Python, huja na maktaba ya namna hiyo. Basi, kabla hujabuni kipande chako, kitafute humo. Na kabla hujakitumia, soma maelezo yake, kwani ukuta usioujua msingi wake ni hatari kuuegemea.