Kutoka Stopwochi hadi Bangili: Jinsi Wakimbiaji wa Gusii Walivyopimwa

Upimaji wa mbio kwa saa uliingia Gusii, eneo la Wakisii magharibi mwa Kenya, pamoja na shule na utawala wa kikoloni. Kabla ya hapo mkimbiaji wa milima ya Manga au Kiabonyoru alipimwa kwa mwenzake tu: aliyetangulia alionekana, na aliyebaki nyuma alijulikana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalipangwa upya. Archie Evans, afisa wa michezo wa koloni, alisimamia mfumo wa mashindano yaliyoanzia mashinani, yakapanda hadi wilaya, mkoa na koloni nzima, na mwaka 1951 chama cha riadha cha Kenya kikaundwa. Wakati huo Kisii na Nyamira zilikuwa hazijatenganishwa kuwa wilaya mbili, na vijana wa pande zote mbili walikutana kwenye viwanja vya nyasi vilivyochorwa mistari kwa chokaa.

Chombo cha upimaji kilikuwa stopwochi, na stopwochi haina maana bila kidole cha mtu. Ndiyo maana kanuni zilitaka watu watatu wapime mshindi mmoja. Wawili wakikubaliana, muda wao ndio uliochukuliwa. Wote watatu wakitofautiana, ulichukuliwa ule wa katikati. Mpimaji alifundishwa kubonyeza saa anapouona moshi wa bastola, si anapousikia mlio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyesimama mita mia kutoka kwa mwanzishaji husikia mlio ukiwa umechelewa kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Katika mbio za maili sita theluthi hiyo si kitu. Katika mbio fupi inatosha kumnyang'anya mtu rekodi yake.

Mkisii wa kwanza kupimwa mbele ya ulimwengu alikuwa Nyandika Maiyoro. Habari moja ya ujana wake husimuliwa mara nyingi: katika michezo ya Bahari ya Hindi mjini Antananarivo mwaka 1953, mbio zilianza yeye hajawa tayari, akaingia njiani wenzake wamekwisha kumwacha karibu mita mia, na bado akashinda. Saa za siku hiyo hazikumpa fidia yoyote. Zilihesabu tangu bastola ilipolia, si tangu mguu wa Maiyoro ulipoanza kazi. Tofauti hiyo kati ya saa ya bastola na saa ya mkimbiaji mwenyewe ilikaa bila dawa kwa miaka mingine arobaini.

Mwaka uliofuata, akiwa safarini kwenda Michezo ya Dola ya Uingereza mjini Vancouver, Maiyoro alikimbia maili tatu katika uwanja wa White City, London. Aliondoka kwa kasi, akafungua mwanya mkubwa, kisha Waingereza wawili wakampata na kumpita. Akamaliza wa tatu. Waliomtangulia, Freddie Green na Chris Chataway, walipewa muda uleule mmoja, dakika 13 na sekunde 32.2, ambao ulikuwa rekodi mpya ya dunia kwa wote wawili. Green alitangazwa mshindi, lakini saa za mkononi hazikuweza kuwatenganisha. Mjini Vancouver Maiyoro alikuwa wa nne. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ya kwanza kwa Kenya, alikuwa wa saba katika mita 5,000, na Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Katikati ya safari hizo mbili, Arere Anentia, naye Mkisii, alileta shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958, miongoni mwa medali za kwanza za Kenya katika Michezo ya Dola.

Kisha akaja Naftali Temu, askari wa jeshi la Kenya. Mwaka 1966, katika michezo hiyohiyo mjini Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na tarehe 13 Oktoba 1968 mjini Mexico City akashinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kwa saa peke yake, muda huo si wa kutisha. Clarke alikuwa amekwisha kukimbia chini ya dakika 28 miaka mitatu kabla. Lakini Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na Clarke mwenyewe alianguka chini alipomaliza wa sita. Stopwochi haijui mwinuko. Inaandika sekunde, haiandiki gharama ambayo mwili umelipa ili kuzipata, na pengo hilo ndilo vyombo vya baadaye vilivyojaribu kuliziba.

Katika miaka hiyohiyo kamera iliyofungwa na saa ya umeme ilianza kuchukua nafasi ya kidole. Wakimbiaji wa Gusii walikuwepo mabadiliko hayo yalipofanyika. Timu ya Kenya ya mita 400 kwa wanne kupokezana vijiti ilipotwaa dhahabu mjini Munich mwaka 1972, watatu kati ya wanne, yaani Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, walitoka Gusii. Wa nne alikuwa Julius Sang. Muda wao ulisomwa hadi mia ya sekunde: dakika 2, sekunde 59.83. Kuanzia 1977 shirikisho la riadha la dunia lilikataa rekodi za mbio fupi zilizopimwa kwa mkono.

Kwa hiyo Yobes Ondieki alipoingia uwanja wa Bislett mjini Oslo tarehe 10 Julai 1993, mashine ndiyo iliyokuwa shahidi. Siku tano kabla, Richard Chelimo, Mkenya mwenzake, alikuwa ameishusha rekodi ya mita 10,000 hadi 27:07.91. Ondieki, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, alikimbia 26:58.38 na kuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Ukigawa muda huo kwa mizunguko 25, kila mzunguko unapata kama sekunde 64.7. Ni kasi ambayo mkimbiaji hodari wa shule angejivunia kuishika kwa mizunguko miwili au mitatu.

Teknolojia isiyohitaji waya wala mguso ilikuwa imekwisha kuzaliwa wakati huo, katika njia mbili tofauti. Ya kwanza ilianzia kifuani. Mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Ufini, iliyoanzishwa na Seppo Säynäjäkangas miaka mitano kabla, ilitoa kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya: mkanda wa kifuani ulinasa umeme mdogo wa moyo na kuurusha kwa uga wa sumaku hadi kwenye saa ya mkononi, umbali usiozidi urefu wa mkono. Kwa mara ya kwanza mkimbiaji aliweza kuona gharama ya mwendo wake papo hapo, njiani.

Njia ya pili ilianzia mguuni, na ndiyo iliyobadilisha mbio za barabarani. Katikati ya miaka ya 1990 Waholanzi walianza kutumia chipu ya kufungwa kwenye kamba ya kiatu. Ilikuwa kidude cha plastiki chenye ukubwa kama wa sarafu, na ndani yake mlikuwa na kidonge cha kioo chenye koili ya waya mwembamba wa shaba. Hakikuwa na betri. Mstari wa kumalizia ulitandikwa mikeka ya mpira yenye antena, nayo ilitoa uga wa sumaku kwa mapigo ya masafa ya kilohezi 134.2, kila pigo likidumu kama sehemu 50 za elfu za sekunde. Kiatu kilipopita juu ya mkeka, koili ilizaa umeme kidogo, chipu ikauhifadhi, na pigo liliponyamaza ikautumia kutangaza nambari yake. Kompyuta ikaandika nambari na saa. Masafa hayo ndiyo yanayotumika duniani kutambua ng'ombe kwa hereni za sikioni; mkimbiaji na ng'ombe wa maziwa walisomwa kwa kanuni moja.

Chipu ilifaa kwa sababu sumaku ya masafa ya chini hupenya maji, jasho na mwili bila shida. Faida yake kubwa ilionekana Boston mwaka 1996, katika mbio za marathoni za jiji hilo zilizofanyika kwa mara ya mia, ambapo watu zaidi ya 35,000 walimaliza. Mtu wa nyuma kabisa katika umati kama huo hufika mstari wa kuanzia dakika nyingi baada ya bastola. Mkeka wa mwanzo ulimpa kila mmoja saa yake mwenyewe. Dhuluma aliyoipata Maiyoro mjini Antananarivo ilipata dawa hatimaye, ingawa si kwa watu wa ngazi yake: kwa wanaowania ushindi, muda rasmi na nafasi bado huhesabiwa tangu bastola. Uamuzi huo ni sahihi. Mbio ni kati ya watu, na anayefika kwanza hawezi kuambiwa baadaye kwamba mtu aliyekuwa nyuma yake amemshinda.

Binti wa Gusii aliyetamba katika enzi ya chipu ya kiatu ni Margaret Okayo, mzaliwa wa Masaba. Novemba 2001 alishinda mbio za marathoni za New York kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 21, akivunja rekodi ya njia hiyo iliyowekwa mwaka 1992 na Lisa Ondieki, Mwaustralia aliyekuwa mke wa Yobes. Aprili 2002 alikimbia Boston kwa 2:20:43, rekodi iliyodumu hadi 2014. Mwaka 2003 alirudi New York na kuishusha rekodi yake hadi 2:22:31, na 2004 akashinda London. Mikeka iliyotandikwa njiani ilihifadhi muda wake kipande kwa kipande, kwa hiyo makocha wa leo wanaweza kusoma mbio zake jinsi zilivyojengwa. Mbio nyingi za Temu haziwezi kusomwa hivyo. Mizunguko yake ilibaki katika madaftari ya waamuzi na kumbukumbu za waliokuwepo.

Kuelekea 2010 chipu ilihama kutoka kiatuni hadi kwenye nambari ya kifuani. Ni karatasi yenye antena nyembamba inayofanya kazi kwa masafa ya juu zaidi, kati ya megahezi 860 na 960, na husomeka kwa umbali wa mita kadhaa. Ni rahisi kiasi kwamba haihitaji kurudishwa baada ya mbio. Ina udhaifu mmoja: mawimbi ya masafa hayo hufyonzwa na maji, na mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo chipu nyingi za nambari hubandikwa kipande chembamba cha sponji nyuma ili zisigusane na fulana iliyolowa jasho.

Wakati huohuo upimaji ulihamia mkononi na kuwa wa kila siku. Fitbit ilitoa kifaa chake cha kwanza mwaka 2009, na mwaka 2010 Bluetooth ya nishati kidogo ikawezesha bangili ndogo kuzungumza na simu kwa siku nyingi bila kuchajiwa. Moyo sasa unasomwa kwa mwanga wa kijani unaomulika ngozi ya kifundo cha mkono: damu huufyonza, na kila pigo hubadilisha kiasi kinachorudi. Hapa mnunuzi wa Kisii au Nyamira ana la kuangalia, kwa kuwa ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga wa kijani, na bangili isiyoongeza nguvu ya taa husoma kwa shida, hasa mkono unapotikisika kwenye miteremko. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo, na rangi ya ngozi haiuathiri.

Baadhi ya bangili na saa hizo zina pia chipu ya NFC, teknolojia ambayo Nokia, Philips na Sony waliiundia jukwaa la pamoja mwaka 2004. Inatumia megahezi 13.56 na hufanya kazi kwa sentimita chache tu, na ufupi huo ndio ulinzi wake: kifaa kinasogezwa karibu na simu au mashine, kinatambulishwa, basi. Fitbit na Garmin waliitia kwenye saa zao kwa ajili ya malipo mwaka 2017. Kenya ilikuwa na M-Pesa tangu 2007, na dukani Kisii mjini au sokoni Keroka malipo hupita kwenye simu bila saa wala bangili. Kwa mkimbiaji wa huko, NFC haina kazi kubwa zaidi ya kuunganisha kifaa na simu. Kinachomhusu kwa karibu ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayoweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Mapigo ya moyo ya kijana yanayotumwa kila usiku kwa kampuni ya ng'ambo yana thamani ya kibiashara, na ni mali yake kabla ya kuwa ya mwingine yeyote.

Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii mwaka 1989 na bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, ameishi enzi hii yote. Mwaka 2022 alihamia Boulder, Colorado, mji ambao mwinuko wake haupishani sana na wa Kisii, akafundishwa na Dathan Ritzenhein. Alishinda Boston mwaka 2023 na 2024, na New York mwaka 2023. Tarehe 2 Novemba 2025 alishinda New York tena kwa 2:19:51. Muda wake wa kila kilomita tano ulitumwa kutoka kwenye mikeka hadi kwenye simu za mashabiki akiwa bado barabarani. Rekodi aliyoivunja ni ile ya Okayo, iliyokuwa imesimama kwa miaka 22. Sharon Lokedi na Sheila Chepkirui, waliomaliza nyuma yake, nao walipita chini ya muda huo.