Mkono Pembeni mwa Picha

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera iitwayo Brownie kwa dola moja. Tangu hapo kamera ikaanza kutoka studio na kuingia uani.

Kwetu Bunda iliingia kupitia mjomba. Mkanda ulikuwa na picha 36 na kusafisha kulikuwa na gharama, kwa hiyo wengine walipigwa picha kwenye harusi na Krismasi tu. Yeye alipiga bogenvilia, chiriku uani, minandi juu ya mawe ya Musoma, na miti ya Mwitongo, Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Ndugu walimcheka.

Nasomea uzamili wa historia. Niliiomba albamu yake nikitafuta viongozi. Sikumpata hata mmoja. Lakini kwenye picha ya chiriku, pembeni kabisa, upo mkono unaomwaga mtama. Mama aliutambua kwa bangili: ni wa bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa na ambaye hakukubali kupigwa picha maisha yake yote.

Nyaraka ninazosoma chuoni huwataja waliokaa katikati. Sasa, nikipiga ndege kwa simu, pembeni sikati.