Wapekuzi wa vituo vya umeme vilivyozimwa

UINGEREZA ilizima kituo chake cha mwisho cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, mnamo Septemba 30, 2024. Hatua hiyo ilihitimisha miaka 142 ya umeme wa makaa nchini humo, kwani kituo cha kwanza kilifunguliwa jijini London mwaka wa 1882.

Hata hivyo, kuzimwa kwa kituo si mwisho wa habari zake. Wafanyakazi wanapoondoka na lango kufungwa kwa minyororo, huja watu wengine ambao hawakualikwa na yeyote. Huingia usiku wakiwa na kurunzi na kamera, si kwa nia ya kuiba bali kujionea na kupiga picha.

Huu ndio upekuzi wa magofu ya mijini, shughuli yenye wafuasi katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Miongoni mwa waliochangia pakubwa kuitangaza ni Jeff Chapman wa Toronto, Canada, aliyeanzisha jarida dogo la Infiltration mwaka wa 1996 na kuandika kwa jina la kubuni la Ninjalicious. Alifariki mwaka wa 2005, mwaka uo huo ambao kitabu chake, Access All Areas, kilichapishwa.

Njia ya makaa

Wapekuzi huingia katika hospitali, viwanda na mahandaki, lakini vituo vya makaa vina mvuto wa pekee kwa sababu ya ukubwa na mpangilio wake. Anayeingia humo anaweza kuifuata njia ile ile iliyopitiwa na makaa.

Makaa yalibebwa kwa mikanda mirefu hadi kwenye bohari, yakasagwa kuwa unga, kisha yakachomwa ndani ya boila. Boila za vituo vikubwa huwa na urefu wa makumi ya mita, na huning’inizwa kwenye mihimili ya chuma ili ziweze kutanuka zinapopata joto. Mvuke wake ulizungusha rafadha katika ukumbi mkubwa, nazo zikaendesha jenereta. Mwisho wa ziara huwa chumba cha kudhibitia mitambo, chenye mamia ya swichi na mishale ya vipimo iliyosimama tuli.

Mfano mashuhuri ni Battersea, kando ya Mto Thames jijini London. Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1929, na msanifu Giles Gilbert Scott ndiye aliyelipa jengo hilo sura yake ya matofali. Sehemu ya kwanza, A, ilikamilika mwaka wa 1935 ikiwa na dohani mbili. Sehemu ya pili, B, ilikamilika mwaka wa 1955 na dohani zikawa nne. Chumba cha kudhibitia mitambo cha sehemu A kilipambwa kwa marumaru kutoka Italia.

Sehemu A ilifungwa mwaka wa 1975, nayo B mwaka wa 1983. Mpango wa kuligeuza jengo kuwa uwanja wa burudani ulikwama mwaka wa 1989 kwa kukosa fedha, wakati paa la ukumbi wa boila lilikuwa tayari limeng’olewa. Kwa zaidi ya miaka 20 mvua ilinyesha ndani ya kuta hizo huku wamiliki wakibadilishana. Wapekuzi walipanda ua, wakawakwepa walinzi na kutoka na picha za chumba cha marumaru kilichojaa vumbi.

Hatari

Kituo kilichozimwa hakikosi madhara. Mabomba ya vituo vya zamani yalifunikwa kwa asbestosi ili kuhifadhi joto. Vumbi lake likiingia mapafuni huweza kusababisha saratani miaka 20 au zaidi baadaye. Sakafu nyingi ni za nondo zilizosukwa, na aghalabu huwa zimeliwa na kutu au kuibwa na wauza vyuma kuukuu, hivi kwamba hatua moja gizani yatosha kumtumbukiza mtu shimoni. Bohari za makaa huweza kukosa hewa safi. Isitoshe, mitambo ya kusambaza umeme iliyo kando ya kituo mara nyingi huendelea kufanya kazi, na waya zake bado zina nguvu.

Yaliyotokea katika kituo cha Didcot A, katika jimbo la Oxfordshire, ni funzo tosha. Kituo hicho kilizimwa Machi 2013. Mnamo Februari 23, 2016, sehemu ya jengo la boila iliporomoka ilipokuwa ikiandaliwa kubomolewa, na wafanyakazi wanne wakafa. Mwili wa mwisho ulipatikana Septemba mwaka huo. Waliofariki hawakuwa wapekuzi. Walikuwa kazini, mchana, kwa idhini. Ikiwa jengo liliwaangukia hao, anayeingia peke yake usiku bila kumwarifu mtu ana kinga gani?

Sheria

Nchini Uingereza, kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa kwa kawaida ni kosa la madai wala si la jinai, mradi mhusika hakuvunja wala kuiba kitu. Ndiyo maana wapekuzi wengi husisitiza kanuni ya kutovunja mlango na kutochukua chochote ila picha. Kenya ni tofauti. Chini ya Sura ya 294 ya sheria za nchi, kuingia katika ardhi ya kibinafsi bila idhini wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani.

Wanaowatetea wapekuzi husema kwamba picha zao huhifadhi kumbukumbu ya majengo ambayo wenyewe waliyatelekeza. Hoja hiyo ina uzito, lakini Battersea inaonyesha pia gharama yake. Wamiliki walioinunua mwaka wa 2012 walieleza kwamba vyuma vilivyomo ndani ya zege la dohani vilikuwa vimeoza. Zote nne zilibomolewa na kujengwa upya kati ya 2014 na 2017. Ni dohani hizo hizo ambazo wapekuzi walikuwa wakizikwea gizani.

Kabla ya ukarabati kushika kasi, milango ilifunguliwa kwa umma Septemba 2013 na maelfu ya watu wakapanga foleni kuingia. Jengo lilifunguliwa rasmi Oktoba 14, 2022 likiwa na maduka, ofisi na makazi. Siku hizi mgeni hununua tiketi, akapanda lifti ndani ya dohani moja na kuitazama London kutoka kimo cha mita 109, kisha akashuka salama.